Kazi yangu siku hizi ni kuuguza

Nikiulizwa nafanya kazi gani siku hizi nasema nauguza, halafu naona mtu bado anasubiri jibu. Basi hii ndiyo siku yangu ya jana na mama, mgonjwa wa kansa, hapa kwetu Mbagala.

Saa kumi na mbili asubuhi, dozi ya kwanza ya morfini ya maji, dawa yake ya maumivu. Naivuta kwa bomba lisilo na sindano, mama anafungua mdomo na kukunja uso kwa ule uchungu wake. Inatolewa kila baada ya saa nne, aumwe asiumwe. Ukingoja maumivu yafike umechelewa, na kuyashusha ni kazi nyingine. Kwa hiyo saa zangu ni hizo: kumi na mbili, nne, nane, kumi na mbili, nne. Ya saa nne usiku daktari alielekeza tumpe dozi mbili kwa mpigo, alale hadi asubuhi.

Katikati kuna kumwogesha, uji wa ulezi, dawa ya kulainisha choo maana morfini hufunga tumbo, beseni, kufua. Kila baada ya saa mbili namgeuza ubavu asipate vidonda vya kulala. Tunamsogeza kwa kanga iliyotandikwa chini yake: mimi huku, mdogo wangu kule, moja, mbili, vuta. Mdogo wangu akienda shule naita jirani.

Saa nne na nusu akaja shangazi kutoka Tandika.

Shangazi nampenda, niseme hivyo kabla sijaendelea. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaweka mfuko wa majani ya mstafeli mezani. "Mbona mlituambia amepona?"

Nikaeleza tena. Kwamba titi lilikatwa, kemo, zile dawa kali za kuua kansa, akamaliza, vidonge vya homoni akameza, vipimo vikatoka safi. Kwamba chembe chache za kansa zinaweza kujificha mwilini miaka na kipimo kisizione. Kwamba ule mgongo tuliokuwa tunauchua tukisema ni uzee, picha ilionyesha ndio ugonjwa wenyewe umerudi.

"Kwa hiyo sasa ana kansa ya mifupa."

"Hapana shangazi, ni ile ile ya titi, imehamia mifupani. Ndiyo maana anatibiwa kwa dawa za titi."

"Ya titi, na titi halipo?"

Nikachemsha chai. Akahamia kwenye chupa: hiyo si dawa ya kulevya? Si ndiyo wanapewa wanaokata roho? Nikamwambia ni dawa ya maumivu, na tangu aianze mama anakaa kitandani na kugombana na redio. Hakunisikia, maana alishafika Loliondo. Mwaka 2011 alipanda basi hadi Samunge kunywa kikombe cha Babu, yule mchungaji mstaafu aliyedai dawa yake inaponya magonjwa sugu, shilingi 500, na foleni ya magari nikasimuliwa yote. Nikachemsha chai nyingine. Akaomba sufuria ya majani yake. Nikasema daktari amekataza kumpa kitu chochote kabla ya kumuuliza.

"Hao madaktari wangekuwa wanajua, isingerudi."

Hapo sikuwa na jibu. Mama, tuliyedhani amelala, ndiye aliyesema: "Wifi, majani yaache hapo. Ila chupa yangu usiiguse."

Baada ya dozi ya saa nane sikumbuki mpangilio. Nilikula wali wa jana nimesimama. Safari ya kwanza nyumba hii ilijaa watu, michango, sufuria za majirani. Safari hii wanasema pole kwa simu. Nadhani wanaogopa, na waliokwishachanga mara moja wanaona aibu kuja mikono mitupu. Mama anawauliza kwa majina. Namwambia wako safari.

Usiku, nimetoka kumpa zile dozi mbili, kaka akapiga kutoka Mwanza. Hela anatuma, sikatai, na maagizo anatuma pia.

"Shangazi anasema umemnyima mama dawa."

Nikamwambia aje Ijumaa amchemshie mwenyewe, na akishamchemshia anigeuzie mgonjwa hadi Jumatatu. Akasema ataangalia ratiba.