Usiku wa Chupa za Mto

Novemba 1997, mwaka wa mvua za El Niño, mimi nilikuwa kibarua wa kubeba chupa kwenye milima ya Uluguru. Nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, sina hili wala lile. Kila Jumatatu asubuhi napanda kutoka Morogoro mjini hadi kwenye kijito kinachotoka msituni, najaza chupa moja ya kupimia virutubisho vinavyobebwa na maji, naandika tarehe, nashuka. Maji meupe kila wiki. Nilianza kuona tunalipwa bure.

"Mnaupima mto ukiwa umelala," aliniambia mzee tuliyepanga chumba kwake. Nikacheka kimoyomoyo. Dada mtafiti aliyeniajiri hakucheka. Alinunua tochi mbili na deli la kuwekea barafu, akasema siku ngurumo zikianza, ni chupa moja kila nusu saa, hakuna kulala.

Zilianza Alhamisi, saa mbili usiku. Chupa ya kwanza ilikuwa safi. Ya tatu ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na kilichonishangaza ni kwamba haikuwa na tope: ni harufu tu ya majani yaliyooza. Tope lilikuja baadaye, pamoja na mawe, unayasikia yakigongana chini ya maji kama masufuria. Saa nne na nusu vidole vilikuwa vimekufa ganzi, chupa ikaniponyoka ikaenda zake. Kwenye mchoro aliouchora dada baadaye kuna pengo saa hiyo. Ni langu.

Mchoro wenyewe nilielezwa tukiwa tumekaa sakafuni, karatasi za kuchujia zimeanikwa mbele yetu, kutoka nyeupe hadi rangi ya kahawa. Msitu ni bahili. Jani likioza, mizizi na kuvu wanagombania kilichomo. Lakini kiangazi, udongo ukikauka, naitrati, chumvi ya nitrojeni inayolisha mimea, hujikusanya pale juu bila wa kuichukua, na mvua kubwa ya kwanza huiyeyusha na kuisukuma mtoni upesi. Ndiyo maana kwenye chupa zetu ilipanda kabla mto haujafika kilele, kisha ikashuka maji yalipozidi. Fosfora, kirutubisho kingine cha mimea, ina tabia nyingine: hung'ang'ania chembe za udongo, kwa hiyo ilisafiri na tope. Dada akazidisha kila kipimo kwa wingi wa maji yaliyopita. Usiku ule mmoja ulikuwa umetoa virutubisho vingi kuliko Jumatatu zangu zote zikijumlishwa. Sikuwa na la kusema. Nusu ya mshahara wangu nilikuwa nimeulipwa kwa kuchota maji ambayo hayana habari.

Lakini hayo ya mchoro yalikuja baadaye. Ijumaa asubuhi, mvua imekatika, mzee alinikuta nimejikunja kando ya deli. Jumanne alikuwa amemwaga samadi kwenye kabichi zake. Akachukua chupa moja, akaielekeza kwenye mwanga, akaigeuzageuza.

"Mjukuu wangu, samadi yangu iko kwenye ipi?"

Nikamwambia shamba lake liko chini ya pale tunapochotea, haimo hata kwenye moja. Akairudisha chupa mahali pake taratibu. Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayolinywesha jiji. Alikuwa anayajua hayo kuliko mimi.

"Basi inakwenda Dar es Salaam," akasema, "na nauli haikulipa."