Kiingereza cha kujaza mdomo

Msimu wa korosho ukikaribia tu huku Mtwara nawapokea madogo wapya wanaotaka kunolewa kiingereza fasta fasta, wengine wanawinda kazi za maghalani, wengine bandarini, na karibu wote wanakuja na kidaftari kimejaa maneno mazito ya mtandaoni. Kuna mmoja wa Chikongola, page nzima ni nevertheless, magnificent, catastrophe, maana pembeni kwa biki nyekundu, kazi safi aisee. Nikamwambia haya, muombe mwenzio kalamu. "Borrow me your pen." Mwenzie akampa, wala hajashtuka.

Na wala sio uzembe, kwetu kuazima ni kuazima, anayetoa kaazima na anayechukua kaazima, ila Mwingereza kaligawa mara mbili, anayechukua ana borrow na anayetoa ana lend. Wabengali wa kule Bangladesh nao wana "dhar" moja tu, anayekopesha anatoa dhar na anayekopa anachukua dhar. Mi hawa watu nawafuatilia sana kwa sababu wanajikwaa palepale tunapojikwaa sisi. Kwao "she" na "he" ni neno moja kama yeye yetu, kwa hiyo bibi wa watu anageuka he katikati ya stori. Alafu wao maji yanaliwa bana, kitenzi cha kula wali ndo hichohicho cha maji, cha dawa na hata cha sigara, sasa mwanafunzi wa Dhaka akikwambia kwa kiingereza anakula maji usimcheke, maana wa kwetu anasema anasikia harufu kwa "hear" kabisa na anaona yuko sawa.

Sasa hukohuko Dhaka miaka ya 1920, Bengal ikiwa bado chini ya Waingereza, alikuwepo mwalimu anaitwa Michael West, alikuwa chuo cha ualimu. Akaona watoto wa Kibengali wanalishwa vitabu vya kiingereza vyenye maneno ya kishairi ambayo wakishamaliza ukurasa hawakutani nayo tena maishani. Akapunguza. Neno adimu akalitoa akaweka la kila siku, na neno jipya likishaingia analirudisha na kulirudisha kurasa za mbele mpaka mtoto alizoee bila kukariri. Mwaka 1953 ikatoka orodha yake, General Service List, maneno kama 2,000 tu, na inakuonyesha neno moja lina maana ngapi na ipi ndo inatumika zaidi, na hayo 2,000 yanabeba karibu asilimia 80 ya maandishi ya kawaida ya kiingereza. Yaani magnificent subiri kwanza.

Ila mi siifanyi msahafu. Ni ya zamani, na korosho haimo. Kijana wa ghalani anachota sampuli, anahesabu korosho ngapi kwenye kilo, anapima unyevu, anazipasua moja moja anatenga nzima na mbovu, mwisho anakwambia outturn, pauni ngapi za kiini kwenye gunia la kilo 80. Nut count, moisture, outturn, hayo hajafundishwa na ticha yeyote na anayatamka vizuri kuliko mimi, mkono ukishafanya mdomo unafuata wenyewe. Kinachomkwamisha ni vile vidogo vya kuunganishia, keep, leave, until, already. Anataka kumwambia mnunuzi kwamba gunia hili limelowa, liacheni nje mpaka likauke, anabaki anasema wet, wet, outside, na mkono unaonyesha jua.

Kwa hiyo kwangu neno haliandikwi peke yake na tafsiri pembeni, linaandikwa na sentensi ya kazini kwako au ya nyumbani kwenu, na wiki ijayo ntakuuliza ndani ya sentensi nyingine. Linachosha, najua. Mzazi mmoja kashanipigia simu ticha mbona mwanangu hana msamiati mpya, kila siku put, put. Nikamwambia mama, mwulize put on ni nini, put off ni nini, put away je. Akacheka akakata. Wiki hii bado tuko hapohapo, put up with hata hatujaigusa.