Siku Tuliyomimina Beringi za Model T

Vipuri vya Ford Model T si vigumu kupatikana. Magari hayo yalitengenezwa tangu 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, na mpaka leo wapo watu wanaotengeneza gasketi, ringi na valvu zake mpya. Lakini ukitaka injini ibaki kama ilivyotoka kiwandani, beringi kuu za krenki, yaani vishikio ambamo mhimili mkuu wa injini huzunguka, huzikuti dukani ndani ya boksi. Ni metali inayoyeyushwa na kumiminwa humohumo kwenye bloku, na mkono wa anayemimina ndio unaoamua injini itadumu au itagonga.

Mjomba wangu alikuwa na mkono huo. Injini tuliyokuwa tukiifufua ilikuwa ya 1914: silinda 4, lita 2.9, nguvu za farasi 20 tu. Pistoni zilikuwa zimeng'ang'ania ndani ya silinda kwa kutu, tukazilowesha oili mpaka zikaachia. Valvu tulizisaga, ringi tukabadilisha. Hizo ni kazi za subira, hazina mengi ya kusimulia. Kilichomnyima mjomba raha ni vipande vya metali alivyovikuta ndani ya sampu, chombo cha oili kilicho chini ya injini, tulipoishusha. Akavichambua kwenye kiganja, akasema beringi ya nyuma imekwisha.

Beringi hiyo ya nyuma ina kazi kubwa kuliko zile nyingine mbili. Inabeba uzito wa flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krenki, na pia ndiyo inayoizuia krenki isicheze mbele na nyuma. Sasa, kwenye flaiwili ya Model T kuna sumaku 16 zenye umbo la V, zinazozunguka mbele ya pete ya koili ili kuzalisha umeme wa kuwashia injini. Kati ya sumaku na pete hiyo kuna pengo la takriban milimita 0.8. Beringi ikilika, krenki inasogea, sumaku zinaikwaruza pete na umeme unapotea. Wengi huanza kuhangaika na plagi na nyaya, kumbe ugonjwa uko kwenye beringi.

Siku ya kumimina tulianza asubuhi mapema. Metali yenyewe ni mchanganyiko wa bati kwa wingi, antimoni na shaba, na inaitwa babiti kwa jina la Isaac Babbitt, Mmarekani aliyepata hataza yake mwaka 1839. Ni laini kwa makusudi. Chembe ya mchanga ikipenya, inazama ndani ya babiti na krenki inasalimika. Oili ikikosekana, babiti ndiyo inayoyeyuka kwanza, na hiyo unaweza kuimimina upya. Krenki ikiharibika, gharama yake ni nyingine kabisa.

Tulikuwa tumeshaiondoa babiti ya zamani kwa moto na kuvisafisha vitundu vilivyomo kwenye bloku, kwa sababu vitundu hivyo ndivyo vinavyoishika metali mpya isibanduke. Mjomba akaweka chuma cha duara mahali pa krenki, kisha akakifukizia moshi wa taa mpaka kikawa cheusi chote. Masizi hayo huzuia babiti isigande kwenye chuma.

"Mwanangu, pasha bloku," akaniambia. "Pasha na upawa. Kisiwepo kitu cha baridi karibu na sufuria hii."

Hakuwa akiongeza chumvi. Tone moja la maji likikutana na babiti iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha metali usoni mwa mtu. Nilipitisha moto kwenye kila pembe ya bloku mpaka unyevu wote ukaisha. Yeye alikuwa akipima joto la metali kwa kijiti cha msonobari: anakichovya, anakitoa, anakitazama. Kikibaki cheupe, bado. Kikishika moto, imepita kiasi. Alikuwa anataka rangi ya kahawia iliyokolea, na alisubiri mpaka akaiona.

Kisha akamimina, bila kusita na bila kukatiza, kila beringi kwa mmimino mmoja. Ukisimama katikati, ile ya kwanza inaanza kuganda na ya pili haishikamani nayo, unabaki na ufa ndani ambao huuoni. Hakuna aliyesema neno. Nilikuwa nimeshika taa na moyo unanienda mbio, kwa maana kazi yote ya nyuma ilikuwa inategemea dakika zile.

Baada ya hapo kikaja kile ninachokiona hadi leo kuwa ndicho ufundi wenyewe. Baada ya kuchonga beringi karibu na kipimo, tuliipaka krenki rangi ya buluu, tukailaza, tukaizungusha, tukaitoa. Pale buluu iliposhika ndipo palipoinuka, pakakwanguliwa kidogo sana. Tukarudia hivyo hadi buluu ikaenea karibu kote. Halafu vipande vyembamba vya shaba chini ya vifuniko vya beringi, kuongeza au kupunguza mpaka krenki izunguke kwa uzito wa kadiri. Mjomba alikaza beringi moja, akazungusha, akailegeza, ndipo akaenda kwa nyingine. Alitaka kuijua tabia ya kila moja peke yake.

Injini hii haina pampu ya oili. Flaiwili huichota na kuirusha, bomba dogo huipeleka mbele, na konrodi, fito zinazounganisha pistoni na krenki, hujichovya zenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuwasha nilifungua vikoki viwili vilivyo nyuma chini: cha chini kikatoa oili, cha juu kikabaki kikavu. Ndivyo inavyotakiwa.

Mjomba akavuta breki ya mkono, akapandisha wenzo wa cheche juu kabisa, maana cheche ikiwahi, hendeli hurudi kwa nguvu na kuvunja mkono. Nilishika hendeli kwa mkono wa kushoto, dole gumba upande mmoja na vidole vingine, nikavuta kwenda juu. Koili kwenye boksi la mbao zikavuma kama nyuki, injini ikakohoa, ikashika. Mjomba akashusha cheche taratibu na mlio ukatulia. Aliinama, akausikiliza upande wa nyuma kwa muda mrefu. Hapakuwa na mlio wowote wa kugonga.

Akazima. Akamwaga oili yote kwenye beseni safi, akaipitisha kwenye kitambaa cheupe na kukitazama juani akitafuta chembe za fedhafedha. Hakuona hata moja. Akanipa kitambaa nijionee mwenyewe, akasema, "Lete spana, tukaze zile bolti 15 za silinda hedi kabla haijapoa."