Kufunga bafa ya boliti kwenye Ruger 10/22

Ule mlio wa "klak" unaousikia ukifyatua Ruger 10/22 si wa baruti. Ni boliti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kurudi nyuma kila unapofyatua, inayogonga pini ya chuma iliyopita upande hadi upande nyuma ya risiva, yaani kiwiliwili cha bunduki. Bunduki hii, iliyo sokoni tangu 1964, haina kufuli la kuifunga boliti wakati wa kufyatua. Uzito wa boliti na springi ndivyo vinavyoizuia, na nguvu inayobaki yote humalizikia kwenye pini hiyo. Risiva ya kawaida ni ya alumini, kwa hiyo mshtuko unapita hadi kwenye skrubu za darubini.

Bafa huchukua nafasi ya pini hiyo. Ina kipenyo kilekile, robo inchi, yaani karibu milimita 6.35, lakini ni ya poliuretani, aina ya plastiki. Nilichopata ni mlio uliopoa na skrubu za darubini zisizolegea ovyo. Shabaha sikuitegemea ibadilike: boliti inapofika nyuma, risasi imeshatoka kwenye mtutu.

Kazi yenyewe ni ndogo. Toa magazini, vuta boliti, angalia chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) kwa macho kisha ipapase kwa kidole. Boliti ikiwa mbele, fungua skrubu iliyo chini ya ubao (kitako cha bunduki), mbele ya magazini. Kitufe cha usalama kisukume kikae katikati, kisiegemee kushoto wala kulia, la sivyo ubao utakikwamia. Nyanyua bunduki itoke kwenye ubao, ukianzia upande wa mtutu.

Sasa utaona pini tatu. Mbili nyembamba zinashika sehemu ya kifyatulio. Ile nene iliyo nyuma ndiyo unayoitaka. Zote zimezuiwa na ubao tu, kwa hiyo fanyia kazi juu ya kitambaa, maana bunduki ikiinama kidogo zinadondoka zenyewe. Isukume ile nene kwa kijiti cha mbao. Futa masizi kwenye tundu kabla ya kuingiza bafa, kwa sababu masizi hayo ndiyo mara nyingi yanayomfanya mtu adhani bafa ni nene mno.

Bafa iingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Ikihitaji nyundo, acha. Chungulia ncha zote mbili: zisichomoze nje ya risiva hata kidogo, kwani zitakwaruza ubao na bunduki haitakaa sawasawa. Iliyozidi urefu naisugua kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo, naipima tena na tena. Kama ulitoa kifyatulio ili usafishe, nyundo ya ndani iwe imekokiwa unapokirudisha. Isipokokiwa inagombana na boliti.

Kabla ya risasi halisi, jaza magazini risasi bandia na uzipitishe kwa mkono, ukivuta boliti mpaka mwisho. Hapa ndipo bafa mbovu inapojionyesha. Ikiwa imevimba au ni nene, boliti haifiki nyuma ya kutosha: inaponyoka bila kubeba risasi inayofuata, au kile kishikio cha kuishikilia boliti ikiwa nyuma hakinasi. Uwanjani anza na risasi za mwendo wa kawaida, zile za futi 1,070 kwa sekunde, kisha za kasi. Za kawaida zikikwama, usiilaumu bafa moja kwa moja. Rudisha pini ya chuma na ujaribu risasi zilezile. Zikikwama tena, tatizo ni uchafu au springi.

Boliti hugonga sehemu moja tu, kwa hiyo bafa hubonyea upande mmoja. Kila ninaposafisha bunduki naizungusha robo mzunguko, na ikionyesha ufa naitupa. Mafuta ya kusafishia mtutu siyaachi yailoweshe, maana baadhi huvimbisha plastiki. Pini ya chuma naitunza kwenye mfuko wa vifaa. Kamwe usifyatue tundu hilo likiwa tupu, kwa kuwa boliti itagonga ukuta wa nyuma wa risiva yenyewe.