Kahawa ya kinu, Materuni

Jumamosi nilipanda Materuni, juu ya Moshi mjini, nikijua naenda kuona maporomoko ya maji. Nikaishia kutwanga kahawa.

Mama aliyetupokea ana kihamba, yaani shamba la kuzunguka nyumba, kama vilivyo vingi vya Uchagani: migomba juu, mibuni kivulini, ng'ombe wawili zizini na samadi yao inarudi shambani. Akatupa buni kavu tutwange kwenye kinu, vijana wakiimba na kupokezana mchi. Dakika tano tu mkono unawaka! Akapepeta kwa ungo, akakaanga kwenye chungu juu ya kuni bila kuacha kukoroga, maana ukigeuka kidogo zimeungua. Harufu ile, jamani.

Kahawa ya arabika imesomesha watoto wa huku tangu kabla KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, haijaanzishwa mwaka 1933. Ila mama anasema kahawa humpa hela ya msimu tu, tena kwa bei inayopangwa mbali naye. Hela ya katikati ya mwaka inaletwa na wageni, nayo inazunguka: kijana aliyetuongoza njia kapata, ndizi za mtori zimenunuliwa kwa jirani, mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa jirani mwingine. (Mbege nilionja kata moja, nikaanza kucheka peke yangu.)

Nikamuuliza, mama, wewe kahawa yako unakunywa?

"Mwanangu, mimi ni mtu wa chai ya maziwa."

Nimerudi na robo kilo. Hata begi la nguo linanukia.