Kompyuta ya ofisini haishikiki ukiwa nyumbani?

Wakuu, kabla ya kulaumu intaneti, kama unatumia Remote Desktop (huduma ya Windows ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali), hakikisha kompyuta ya ofisini ina Windows Pro. Windows Home inaweza kuingia kwenye mashine nyingine, ila yenyewe haipokei mgeni.

Kisha, ukiwa kwenye mtandao uleule wa ofisi, fungua PowerShell uandike Test-NetConnection, IP (anwani ya mtandao) ya mashine, halafu -Port 3389, yaani poti (mlango) ya Remote Desktop. Ikijibu True, njia iko wazi; kagua jina na nywila (akaunti isiyo na nywila hukataliwa). Ikijibu False, mashine imelala, Remote Desktop haijawashwa, au faiwoli inazuia. Kwa umeme wetu huu wa Dar, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) uiweke ijiwashe umeme ukirudi.

Sasa linalonikera: fundi anafungua 3389 kwenye ruta, anaiachia dunia nzima, anachukua hela yake anaondoka. Programu za kubahatisha nywila zitaiona tu. Fungua Event Viewer, upande wa Security, utafute namba 4625: hayo ni majaribio ya kuingia yaliyoshindwa. Kubadili poti kunapunguza kelele, hakuzuii mwizi. Ifunge, weka WireGuard (VPN, njia iliyofungwa kwa siri ya kuingia mtandao wa ofisi), watu wapitie humo.

Ruta ikitumia laini ya simu, tazama IP iliyopewa. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, haifikiki kutoka nje. Kodi seva ndogo mtandaoni, ofisi na nyumbani ziunganishwe hapo kwa WireGuard, na upande wa ofisi uweke PersistentKeepalive 25 (itume ishara kila sekunde 25 ili njia isijifunge).

NLA (kinga ya Remote Desktop inayodai jina na nywila kabla ya kukufungulia skrini) usiizime, hata kama kosa la kuunganisha linaondoka ukiizima.