Shikamoo ya Kulwa

Wanangu mapacha wametimiza miaka minne. Kulwa alimtangulia Doto kwa dakika kumi na moja, na tangu siku hiyo hajamtangulia tena popote.

Wiki ya sita kliniki, walipochomwa sindano za mapajani, Doto alilia pumzi moja, akanyamaza, akaanza kukodolea macho hereni za nesi. Kulwa alilia mpaka daladala ikafika Buhongwa. Tulipoanza uji wakiwa na miezi sita, Doto alifungua mdomo kama kifaranga. Kulwa aliutema siku nne mfululizo; ya tano akala bila neno. Sufuria moja, kijiko kimoja, mama mmoja.

Uji watu walinisamehe. Shikamoo hawakunisamehe. Mgeni akibisha hodi, Doto keshafika mlangoni, na sauti yake inasikika mpaka kwa jirani. Kulwa yuko nyuma ya dera langu, kalikamata kwa mikono miwili. "Huyu mbona hana salamu? Umemdekeza," wifi yangu hupenda kusema, na anasema mbele ya watu. Aibu ya mtoto asiyeamkia haimkai mtoto, inamkaa mama yake.

Desemba iliyopita tulikuwa ukweni Magu, sebule imejaa. Nikamvuta Kulwa mkono: "Amkia!" Nikarudia kwa ukali. Akajikojolea palepale kwenye mkeka.

Mama mkwe ndiye aliyemfuta. Akasema, "Muache. Baba yake alikuwa anajificha uvunguni hadi wageni wamalize chai." Mume wangu, ambaye mpaka leo namba ngeni ikimpigia hunipa mimi simu niipokee, akaanza kutafuta chaja.

Nasomea diploma ya elimu ya awali jioni, na miezi miwili baadaye, kwenye somo la makuzi ya mtoto, nikamkuta Kulwa ameandikwa. Madaktari wawili wa magonjwa ya akili, Alexander Thomas na mkewe Stella Chess, mwaka 1956 walianza kufuatilia watoto wa New York tangu uchanga. Asilimia 40 waliwaona wepesi: wanalala, wanakula, wanapokea mambo mapya. Asilimia 10 wakawaita wagumu (neno silipendi, ila ndilo lao). Asilimia 15 ni wanaochelewa kuzoea: kila kitu kipya wanarudi nyuma kwanza, kisha wakipewa muda wanasogea wenyewe. Waliobaki hawakuingia kundi lolote moja kwa moja. Pale kwenye 15 nikaweka kalamu chini, nikaukumbuka ule uji wa siku nne.

Kilichonikaa zaidi ni kwamba hawakuilaumu hulka ya mtoto, wala kumlaumu mama peke yake. Walitazama kama mtoto na anachodaiwa vinaendana. Sasa, wengi wa watoto wale walikuwa wa familia za kipato cha kati za New York. Hakuna aliyedaiwa shikamoo na watu saba kabla hajavua viatu. Huku kwetu shikamoo hatuiachi, na mimi mwenyewe sitaki Kulwa akue bila kuamkia wakubwa. Nilichokuwa nakosea ni kumdai mlangoni.

Siku hizi namwambia asubuhi nani anakuja. Mgeni akiingia nasema mimi, "Kulwa anakuja kukuamkia," basi, simwiti tena. Anakaa kwenye dera lake. Nimeangalia saa ya ukutani mara nyingi: dakika kumi na tano, ishirini.

Jumapili wifi alikuja. Doto alimaliza salamu, akaonyesha na jino linalotikisika, ambalo halitikisiki. Wifi alikuwa kwenye kikombe cha pili Kulwa alipotoka nyuma yangu, akamwekea karanga tatu alizomenya mwenyewe juu ya kanga, akaliambia goti lake, "Shikamoo."

"Marahaba," wifi akaitikia. Akazila karanga moja moja, na safari hii hakuniambia kitu.